Kiti cha bembea cha bibi: dola 35 za tathmini zimenipa nini

Bibi alipofariki tuligawana vyombo, mimi nikaangukiwa na kiti cha bembea ambacho hakuna aliyekitaka, maana kinakula nusu ya ukumbi. Ami aliapa kwamba kimetoka Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani. Muuza vitu vya kale mmoja hapa Mji Mkongwe akakitazama dakika moja tu, akataja laki moja na nusu, tena gari analeta mwenyewe. Haraka yake ndiyo iliyonitia shaka.

Nikaenda kwenye huduma ya tathmini ya mtandaoni. Unatuma picha, unalipa dola 35, unangoja siku 3 (mimi nilingoja 6). Picha zangu za kwanza walizikataa. Hawakutaka uzuri wake, walitaka nikipindue miguu juu. Basi nikapiga magoti na tochi ya simu, na chini ya fremu ya kalio, nyuma ya utando wa buibui, nikaona muhuri uliochomwa kwa moto: J. & J. KOHN. Pembeni, kipande cha karatasi kilichobakiwa na neno WIEN.

Kumbe ni cha kiwandani, cha Vienna, Austria (Wien ni Vienna kwa Kijerumani). Viti hivi vya mbao zilizopikwa kwa mvuke na kupindwa alivianza Michael Thonet, aliyetoa cha kwanza cha bembea mwaka 1860. Hati miliki yake ilipokwisha 1869 wengi wakajazana, na Kohn ndiye aliyekuwa mpinzani wake mkubwa. Changu wamekikadiria kabla ya 1914, mwaka Kohn alipoungana na kampuni ya Mundus. Vilifungwa kwa skrubu, vikasafiri vipande vipande ndani ya makasha, kwa hiyo kufika kwake Unguja si ajabu. Ami hajanisamehe.

Bei: dola 250 hadi 400 kwenye mnada wa Ulaya. Imeshuka kwa sababu henzirani ya kalio ilitolewa ikapigiliwa plaiwudi (kazi ya babu hiyo), na mkono mmoja umepasuka. Wakanionya nisiguse rangi ya zamani. Msasa nilikuwa nimeshanunua!

Lawama yangu: gharama ya kukisafirisha hadi huko hawakuigusia hata kwa mstari mmoja, nayo ingeimeza bei yote. Nawapa nyota 4.

Siuzi. Plaiwudi nimeshaing'oa, na fundi wa kusuka henzirani kutoka mitaa ya Ng'ambo ameahidi kuja Jumamosi. Hii ni Jumamosi ya tatu.