Matembezi ya bure Kings Park, Perth: udongo maskini, maua tele

Kama unaishi Perth au unapita tu, matembezi ya kuongozwa ya Kings Park, bustani kubwa ya mimea jijini, yaweke mbele ya kila kitu. Hulipi chochote, na waongozaji ni watu wa kujitolea. Kundi letu lilipata mama mmoja mtu mzima aliyesema mapema kwamba hatukwenda kutafuta kangaruu. Alitaka tuelewe kwanza ardhi inayowalisha.

Akaanzia chini. Eneo hili la kusini-magharibi mwa Australia halijapata volkano wala barafu nzito ya kusaga mwamba na kuleta udongo mpya kwa mamilioni ya miaka, na mvua zimekuwa zikiosha rutuba muda wote huo. Mimi nimekulia Moshi, kwenye udongo wa volkano. Niliinama nikachota kiganjani: mchanga mtupu, wa kijivu, unapenya vidoleni. Halafu unainua macho, maua kila upande!

Mti wa banksia huotesha vishada vya vijizizi vyembamba mno, vinavyotoa asidi ya kung'oa fosforasi, chakula muhimu cha mimea, iliyong'ang'ania kwenye mchanga. Umezoea uhaba huo kiasi kwamba ukiuwekea DAP, mbolea yetu ya shambani yenye fosforasi nyingi, unaweza kuuua. Mama yule akatupitishia tunda lake kavu, zito, lenye vijimdomo vilivyofumba kabisa. Aina nyingi za banksia husubiri moto ndipo vijimdomo vifunguke na mbegu ziangukie majivuni, penye mwanga na chakula kidogo cha ziada. Mikaratusi nayo, hiyo hiyo tunayoikata nguzo za umeme kwetu, mingi huchipua upya baada ya kuungua.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya mnyama mmoja wa huku tu aitwaye honey possum, mwenye mfuko wa kubebea watoto lakini uzito wake ni kama gramu 10. Hula chavua na maji matamu ya maua, basi. Anaweza kuishi hivyo kwa sababu huku kuna kitu kinachochanua mwaka mzima.

Baadaye nilikwenda peke yangu kuutazama mbuyu, ndugu kabisa wa mbuyu wetu. Ulitolewa na Wagija, wenyeji wa asili wa Kimberley, kaskazini mwa jimbo hili, ukasafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 3,200 mwaka 2008, ukiwa na tani 36. Nilisimama pale muda mrefu.

Upungufu ni kivuli: sehemu za njia ziko juani, na mwenye mtoto mgongoni atachoka. Maelezo pia ni ya Kiingereza tupu, kwa hiyo wazee wetu wanaotembelea wanahitaji mtu wa kuwatafsiria. Nenda asubuhi, beba maji, na ukiweza chagua Septemba, maua yakiwa yamepamba moto.