Tathmini ya Utumishi: Seneta Maurice Kremer na Maji ya Wakulima wa Nebraska

Kisima cha umwagiliaji cha katikati ya Nebraska hakina mengi ya kutazama. Kuna mota au injini, kuna pampu, na kuna bomba nene linalochomoza ardhini na kuelekea kwenye mtambo mrefu wa magurudumu ambao hulizunguka shamba la mahindi kwa siku kadhaa kabla ya kurudi ulipoanzia. Kwenye visima vingi bomba hilo limefungwa mita yenye kioo cha ukubwa wa kiganja, na nyuma ya kioo hicho zimo namba zinazopanda polepole kila pampu inapowashwa. Namba hizo ndizo zilizonifanya niandike tathmini hii. Ukiuliza nani ana mamlaka ya kuzidai, nani alimpa mamlaka hayo, na kwa nini mkulima anakubali kuzipeleka, utajikuta umefika kwa mtu mmoja: Maurice Kremer, mkulima wa Aurora, aliyekaa katika bunge la jimbo hilo la Marekani tangu 1963 hadi 1983, na ambaye mpaka leo hutajwa kwa jina la "Bwana Maji".

Mimi humhesabu mwakilishi wa wakulima kuwa mtoa huduma, na huduma huihukumu kwa anayeitumia. Hotuba zake, picha zake za kampeni na idadi ya miswada iliyobeba jina lake havinisaidii sana. Ninachotaka kujua ni kama mkulima wa wilaya yake, akiamka asubuhi miaka 40 baada ya mwakilishi huyo kuondoka, bado anapata kitu ambacho asingekipata kama mtu huyo hangechaguliwa. Kwa kipimo hicho, Kremer ni miongoni mwa wabunge wa majimbo wachache ninaoweza kuwasifu bila kusita, ingawa huduma aliyoiacha ina kasoro mbili ambazo sitazificha.

Kazi yake kubwa ni sheria ya mwaka 1969 iliyounda wilaya za maliasili. Kabla yake, mambo ya udongo na maji yalikuwa yametawanyika katika vyombo 154 vidogovidogo vya kiserikali: vingine vya kuhifadhi udongo, vingine vya mabonde ya maji, vingine vya kuondoa maji mashambani, na mara nyingi eneo moja lilikuwa chini ya vyombo kadhaa ambavyo havikuwa na fedha za kutosha wala mamlaka ya kutosha. Mingi kati ya mipaka hiyo ilifuata kaunti, na Nebraska ina kaunti 93 zilizochorwa na wapima ardhi wa karne ya 19 ambao hawakuwa wakifikiria mto unatoka wapi na unaelekea wapi. Muswada ulioletwa na Kremer ulikusudia kuvikusanya vyombo hivyo vyote katika wilaya 24 zilizochorwa kwa kufuata mabonde ya mito. Wilaya hizo zilianza kazi Julai 1972. Mbili kati yake ziliunganishwa mwaka 1989, na leo zimebaki 23.

Mtu anayesoma habari hii akiwa mbali anaweza kuiona kuwa ni mambo ya kupanga ofisi tu. Inafaa akumbuke kwamba kila kimoja cha vyombo vile 154 kilikuwa na wakurugenzi wake, watu wenye majina na heshima katika vijiji vyao, ambao waliombwa wakubali chombo chao kifutwe. Bunge la Nebraska nalo lina baraza moja tu lenye maseneta 49, wanaochaguliwa bila kutajwa vyama vyao kwenye karatasi ya kura, na kila muswada unasikilizwa hadharani mbele ya kamati. Hapakuwa na mlango wa nyuma wa kuupitishia. Mkulima aliyeipinga sheria hiyo aliweza kusafiri hadi Lincoln, makao makuu ya jimbo, kuketi mezani, na kumweleza seneta wake ana kwa ana kwa nini anaona anaibiwa. Sheria ilipita katika mazingira hayo, na nadhani ndiyo sababu imedumu.

Jambo ninalolipenda zaidi katika huduma hii ni mahali ilipoweka uamuzi. Kremer na wenzake hawakuyapeleka mamlaka ya maji ya ardhini kwa mhandisi mmoja wa makao makuu, kama jimbo jirani la Kansas lilivyofanya, wala hawakumwachia kila mwenye ardhi avute apendavyo, kama ilivyokuwa desturi ya kisheria ya Texas. Waliyaweka mikononi mwa bodi za wilaya, zenye wajumbe kati ya 5 na 21, ambao huchaguliwa na wakazi kwa vipindi vya miaka minne na ambao wengi wao huishi kwa kunywa na kumwagilia maji yaleyale wanayoyasimamia. Bodi hizo zina haki ya kutoza kodi ya mali, kwa hiyo hazisubiri huruma ya jimbo ili zilipe mshahara wa fundi anayepima kina cha visima kila majira ya kuchipua.

Nieleze sasa namba zile za mita. Wakulima wa huko hupima maji kwa inchi juu ya ekari, yaani kiasi kinachotosha kulifunika shamba la ekari moja kwa kina cha inchi moja, ambacho ni karibu lita 102,800. Mtambo wa kawaida unaozunguka kwenye shamba la mraba la ekari 160 hufikia ekari 130 hivi, kwa kuwa pembe za shamba hubaki nje ya duara. Inchi moja tu juu ya duara hilo ni zaidi ya lita milioni 13, na pampu inayotoa lita 3,000 kwa dakika itafanya kazi siku tatu mchana na usiku kuzitoa. Mkulima anaporudia zoezi hilo mara nane au kumi katika msimu wa kiangazi, na jirani zake wote wakafanya hivyohivyo, mtu huelewa mara moja kwa nini wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mwaka 1975, Kremer akiwa bado bungeni, jimbo lilipitisha sheria ya usimamizi wa maji ya ardhini iliyozipa wilaya hizo meno. Ziliruhusiwa kutangaza maeneo ya udhibiti, kudai mita, kugawa kiasi cha maji kwa kila ekari, na hata kuzuia visima vipya. Wilaya ya Upper Republican, iliyo kusini-magharibi ambako mvua ni haba, ilianza kutumia mamlaka hayo kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini Marekani kumwekea mkulima kikomo cha maji anayoyavuta kutoka chini ya shamba lake mwenyewe. Nyumbani kwa Kremer, katika wilaya ya Upper Big Blue, walichagua njia nyingine ambayo naiona ya busara sana: waliuchukua wastani wa kina cha maji wa mwaka 1978 kuwa alama, wakakubaliana mapema kwamba wastani ukishuka hadi hapo, mgawo utaanza. Mkulima anajua alama iko wapi, na kila mwaka anaambiwa amebakiza futi ngapi.

Je, huduma imefanya kazi? Takwimu za shirika la kitaifa la jiolojia la Marekani, zinazolinganisha hali ya kabla ya pampu kuenea na ile ya mwaka 2015, zinaonyesha kwamba katika hifadhi kubwa ya maji ya ardhini ya nyanda za juu, maarufu kwa jina la Ogallala, kiwango cha maji kilishuka kwa wastani wa zaidi ya futi 40 upande wa Texas na zaidi ya futi 25 upande wa Kansas. Upande wa Nebraska hakikufika futi 1. Na hayo yametokea katika jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa eneo la mashamba yanayomwagiliwa.

Hata hivyo sitaki kumpa Kremer sifa ya mvua. Nebraska ilijaliwa sehemu kubwa zaidi ya hifadhi hiyo, takribani theluthi mbili ya maji yake yote, na ina vilima vya mchanga vinavyonyonya mvua na theluji na kuzishusha chini kwa namna ambayo Texas haina. Sheria peke yake haikuyaleta matokeo hayo. Ninachoamini ni kwamba utajiri huo wa asili ungeweza kuwalevya watu wakauchezea, na kwamba kuwapo kwa bodi za wilaya kuliwapa wakulima mahali pa kugombana kuhusu maji wakati bado yapo. Kugombana juu ya visima vilivyokauka hakuna faida kwa yeyote.

Kasoro ya kwanza ni kwamba sheria za enzi yake ziliyatenga maji ya kisima na maji ya mto kana kwamba hayajuani. Visima viliwekwa chini ya wilaya, mito ikabaki chini ya serikali ya jimbo, ilhali kila mkulima wa kando ya mto aliona kwamba pampu zikizidi, mto nao hunywea. Pengo hilo lilikuwa na gharama. Kansas ilifungua kesi mwaka 1998 ikidai kwamba visima vya Nebraska vinaunyima Mto Republican maji yanayopaswa kuvuka mpaka. Baada ya makubaliano, na baada ya makubaliano hayo kuvunjwa katika miaka ya 2005 na 2006, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba Nebraska iilipe Kansas dola milioni 5.5. Bunge lilikuwa limeshaanza kuziba pengo kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoilazimisha serikali ya jimbo na wilaya kupanga pamoja pale ambapo mto na visima vinagombania maji yaleyale. Kremer alikuwa ameondoka bungeni miaka 21 kabla yake. Simlaumu kwa yote, kwa kuwa kuupata muswada wa 1969 kulihitaji kuacha mambo fulani nje, lakini mtumiaji wa huduma ndiye aliyeilipia kasoro hiyo.

Kasoro ya pili inaniumiza zaidi, kwa sababu inaingia kwenye kikombe. Mbolea ya naitrojeni inayowekwa kwenye mahindi, ikizidi mahitaji ya mmea, huyeyuka na kushuka chini pamoja na maji ya umwagiliaji na ya mvua, ikageuka naitreti ndani ya maji ya kunywa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na serikali ya Marekani ni miligramu 10 kwa lita, na kipo kwa ajili ya watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni wakinyweshwa maji yaliyozidi hapo. Yapo maeneo ya Nebraska ambayo visima vyake vimevuka kiwango hicho kwa miaka mingi. Wilaya zina mamlaka ya kuweka masharti ya mbolea, na baadhi zimeyatumia: zinadai vipimo vya udongo, zinapanga tarehe za kuweka mbolea, zinafundisha. Zimekwenda polepole, na sababu iko wazi. Mjumbe wa bodi ambaye ni mkulima anajua kwamba kila sharti analolipigia kura litamgusa yeye, shemeji yake na mtu anayekaa naye kanisani. Ukaribu uleule uliofanya kikomo cha maji kikubalike ndio unaofanya masharti ya mbolea yacheleweshwe. Mkulima anapoona maji yanashuka anaogopa, lakini naitreti haina rangi wala harufu, na familia iliyo nje ya mji yenye kisima chake cha nyumbani inapaswa kujipimia yenyewe.

Kuhusu bei, mwananchi analipa sehemu ndogo ya kodi ya mali kwa wilaya yake, na wakulima wenye ardhi nyingi hulalamika, kama inavyotarajiwa. Kwa mbunge mwenyewe, jimbo halikutumia kingi: tangu mwisho wa miaka ya 1960 mshahara wa seneta wa Nebraska ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka, na kwa miaka mingi baada ya Kremer umekuwa dola 12,000. Mtu wa namna hiyo hulazimika kurudi shambani kikao kikiisha, na nadhani ilimsaidia Kremer kwamba maji aliyoyasimamia bungeni yalikuwa yakivutwa pia na majirani zake.

Kwa hiyo nampa nyota nne kati ya tano. Kwa mtu anayetaka mwakilishi wa kumletea daraja au fedha za msimu huu, huu si mfano atakaoupenda, kwa maana miaka mitatu ilipita kati ya sheria ya 1969 na siku wilaya zilipofungua milango, na mingine mingi kabla ya mita ya kwanza kufungwa. Nyota ya tano naishikilia mpaka bodi hizohizo zitakapoyashika masharti ya mbolea kwa mkono uleule uliozishika namba za mita, na vipimo vya naitreti vianze kushuka kwenye visima vya nyumbani.