Kutafuta maneno yaliyotawanyika kwenye majedwali: uzoefu wangu na PostgreSQL

Ninasimamia hifadhidata ya muuzaji wa jumla wa pembejeo aliyeko Mbeya mjini, mwenye matawi Tukuyu, Vwawa, Makambako na Njombe, na utafutaji wa maandishi wa PostgreSQL, mfumo wa kusimamia hifadhidata, ninautumia kila siku ya kazi. Umo ndani ya mfumo wenyewe tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, hauna malipo ya ziada wala hauhitaji seva ya pili, na kwa biashara ya ukubwa wetu hilo peke yake lilitosha kunishawishi.

Ndani ya jedwali moja sina malalamiko. Jina la bidhaa na maelezo yake huwekwa kwenye safuwima ya aina ya tsvector (orodha ya maneno yaliyokwisha kuandaliwa kwa utafutaji), ambayo tangu toleo la 12 inaweza kujijaza yenyewe, kisha faharasa ya GIN, inayoonyesha kila neno limo kwenye safumlalo zipi, hujengwa juu yake, na muuzaji akiandika "uyole njano", mbegu hiyo ya maharage hutokea papo hapo.

Ugumu ulianza pale wauzaji wa kaunta walipoandika kama wanavyozungumza: "uyole njano tukuyu". Maneno mawili ya kwanza yamo kwenye jedwali la bidhaa, la tatu limo kwenye jedwali la matawi, na faharasa ya GIN haivuki kutoka jedwali moja kwenda jingine. Ukiyaunganisha majedwali na kuipima hoja nzima, yaani maneno yote yaliyoandikwa, upande mmoja mmoja, hakuna upande wenye maneno yote matatu, kwa hiyo hupati kitu. Ukizijumlisha tsvector za pande zote mbili kwa alama ya ||, jibu linakuwa sahihi, lakini EXPLAIN, amri inayoeleza jinsi mfumo unavyoitekeleza hoja, itakuonyesha kwamba faharasa zote mbili zimewekwa kando na mfumo unapima safumlalo moja baada ya nyingine. UNION, amri ya kuunganisha majibu ya hoja mbili ambayo wengi huipendekeza, inafaa pale neno lolote kati ya hayo linapotosha. Mteja anayetaka yote kwa pamoja haimsaidii. Wanaotumia MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, nao wasidhani wamenusurika, maana MATCH, amri yake ya kutafuta maandishi, kwa injini ya kawaida ya InnoDB inadai safuwima zote ziwe za jedwali moja.

Suluhisho nililobaki nalo ni nakala ya majibu ya hoja iliyohifadhiwa, ile inayoundwa kwa CREATE MATERIALIZED VIEW, ambamo bidhaa, msambazaji na tawi vimekwisha kuunganishwa, jina la bidhaa likiwa na uzito wa A, wa juu kabisa katika kupanga majibu, na jina la tawi uzito wa D, wa chini kabisa. Utafutaji hufanyika humo na kurudisha namba za utambulisho tu, ndipo namba hizo zinapounganishwa na jedwali hai la stoo ili kupata bei na salio. Nasisitiza mpangilio huu, kwa sababu jina la mbegu halibadiliki ovyo na kuihuisha nakala usiku kunatosha, ilhali salio la mifuko ya mbolea ya DAP msimu wa kupanda hubadilika muda wote na halipaswi kusomwa kwenye nakala ya jana. Ukihuisha kwa CONCURRENTLY wauzaji hawazuiliwi kusoma, mradi nakala iwe na faharasa ya kipekee, isiyoruhusu thamani kujirudia. Kazi ya kuonyesha maneno yaliyopatikana kwa ts_headline iachwe mwisho kabisa, baada ya LIMIT inayoweka ukomo wa idadi ya majibu, maana ni nzito.

Ninachokipunguzia alama ni upande wa lugha. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha zinazokuja na mfumo, hivyo tunatumia mpangilio wa simple, ambao kazi yake kubwa ni kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Mtu akiandika "mbolea ya kupandia", hata "ya" inatafutwa kama neno kamili, na bidhaa iliyoandikwa bila hilo neno haitokei. Dawa yake ni faili la maneno ya kupuuzwa linalowekwa kwenye folda ya tsearch_data, na hapo aliyekodi hifadhidata kwenye mawingu kwa kawaida hukwama, kwa kuwa folda za seva haziko mikononi mwake. Sisi seva ni yetu, tuliliweka. Makosa ya tahajia nayo, mathalani "makambko", tsvector haiyavumilii hata kidogo; hayo nimeyaachia kiongezi cha pg_trgm, kinacholinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu, ambacho huitwa tu pale utafutaji wa kwanza unaporudi mtupu.