Spektroskopu ya mkononi: nimeitumia miezi minne darasani

Nafundisha fizikia sekondari hapa Uyole, Mbeya. Nilipowaambia kuwa hewa ya sayari ya Mshtarii (Jupita) ina gesi ya metani, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Madamu, nani alienda Mshtarii akainusa hiyo metani?" Nilimjibu kwa maneno, nikaona hajaridhika. Ndipo nikaagiza spektroskopu hii, kifaa cha kutenganisha mwanga katika rangi zake, kwa shilingi 45,000, kikaja kwa basi kutoka Dar.

Ni kibomba cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani. Mbele kina mwanya mwembamba, nyuma utando wenye mistari 500 kwa kila milimita, ndio unaotawanya mwanga. Tulizima taa za maabara, tukanyunyiza chumvi kwenye mwali wa gesi. Mstari wa manjano ukachomoza peke yake, mwembamba kama uzi: sodiamu hiyo. Kesho yake tukakielekeza kwenye mawingu meupe juu ya mlima Loleza (juani kabisa msikielekeze, mtaharibu macho). Ndani ya rangi zote mkawa na mistari miwili mitatu myeusi. Yule mwanafunzi akasema, "Kama andazi lililong'atwa." Ndivyo hasa! Gesi hula rangi zake, pengo linabaki. Kwa mapengo ya namna hiyo mwanaastronomia Rupert Wildt aliitambua metani na amonia ya Mshtarii mwaka 1932, akiwa hapahapa duniani.

Mshtarii yenyewe msiitegemee kwa kifaa hiki, mwanga wake hautoshi. Nilijaribu alfajiri mbili za baridi ya Uyole, sikuambulia kitu. Vipimo vyake navyo vimepinda: mstari wa sodiamu unapaswa kusoma urefu wa wimbi wa nanomita 589, changu kinasoma karibu 600. Muuzaji aliniambia ndivyo vilivyo vyote. Jibu hilo halikunipendeza, ila sasa kila kipindi tunaanza na chumvi, kisha tunatoa ile tofauti kwenye vipimo vinavyofuata.

Tena kimenisaidia kueleza heliamu, gesi nyingine ya Mshtarii. Katika baridi ya Mshtarii heliamu haiachi pengo kwenye mwanga tunaouona, kwa hiyo ilibidi kwenda. Tarehe 7 Desemba 1995 kipimaji cha chombo cha angani Galileo kilishuka humo kwa mwavuli, kikapima gesi yenyewe karibu saa nzima kabla ya kunyamaza. Kikakuta heliamu ni karibu robo ya uzito wa hewa ile.

Darasa langu lina wanafunzi 58 na kibomba kimoja. Nimeagiza vingine vitatu.