Karao wa Nairobi na njagu wa Dar es Salaam

Ukiandika mazungumzo ya vijana wa Nairobi, polisi ni karao, wingi makarao. Sanse pia lipo. Gava ni serikali, lakini mtu akipiga kelele "gava wanakuja!" anamaanisha askari wenyewe, na watu hutawanyika.

Dar es Salaam utasikia njagu, wingi manjagu. Ndata lipo pia. Ukimpa kijana wa Manzese neno karao, msomaji wa Tanzania atajua mara moja kwamba mwandishi hatoki huko. Upatanisho haubadiliki kokote: karao amefika, manjagu wamefika. Wanabaki watu, hata kwa lugha ya mtaani.

Panapokosewa zaidi ni neno askari. Tanzania, askari akitajwa peke yake, wengi humfikiria polisi au mwanajeshi. Anayelinda geti ni mlinzi. Kenya, askari mara nyingi ndiye huyo wa getini, na Sheng, lugha ya mtaani ya Kenya, humwita soja. Kwa hiyo "nilimwita askari" ni sentensi mbili tofauti.

Askari wa jiji nao wasichanganywe na polisi: Nairobi ni kanju, Dar ni mgambo. Gari la kubebea mahabusu Tanzania ni karandinga, neno zuri lenye uzito wake. Kenya ni Mariamu.

Ana kwa ana, yaache yote hayo. Sema "afande", pande zote mbili. Karao na njagu ni maneno ya kumsema asiyekuwepo, na akiyasikia huweza kuyachukulia kama dharau.