Kapu la sikukuu au fedha ya Januari?

Desemba, Mtwara, pesa ya korosho bado ina joto mfukoni, na wenye maduka tunakumbuka vituo vya watoto yatima. Wengi hupakia kirikuu mchele, mafuta ya kula, sabuni na katoni za soda, wakakabidhi mkesha wa Krismasi na picha zikapigwa. Wengine hutenga kiasi kwenye mauzo, tuseme shilingi 500 kwa kila mfuko wa saruji, kisha Januari wanaingiza fedha benki.

Kapu lina raha yake, sikatai. Watoto wanakula pilau siku hiyohiyo. Shida ni kwamba wote tunafika siku moja. Mwaka juzi tulikuta stoo ya kituo kimoja magunia yamepangwa hadi dirishani, na mlezi akatuuliza kwa aibu kama tumebeba madaftari. Hatukubeba. Shule zinafunguliwa Januari, na elimu bila ada hainunui sare wala viatu.

Fedha inamwachia mlezi achague. Ila inataka nidhamu: akaunti iwe ya kituo, si ya mtu, na risiti irudi dukani. Itunze, maana Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa ukatwe kwenye mapato ya biashara kabla ya kodi, hadi asilimia 2 ya mapato hayo.

Duka dogo la Mikindani lisilo na mhasibu libaki na kapu, ila lipige simu kwanza kuuliza kinachopungua. Sisi mwaka huu tumehamia kwenye fedha, ile ya kila mfuko wa saruji.