Programu ya likizo ya kazi za majini, Kisumu: wapelekeni vijana

Jameni hii kitu iko sawa. Binti yangu wa kidato cha tatu alipewa kile kisahani cheusi na cheupe cha kupima uangavu wa maji, unakishusha kwa kamba mpaka kipotee machoni halafu unasoma alama, na vile Ghuba ya Winam hapa Ziwa Victoria iko kijani siku hizi wala hakikufika mbali. Halafu welda akawaeleza meli inavyoundwa, kumbe ile meli ya MV Uhuru ilikuwa inavusha mabehewa ya treni ziwani tangu miaka ya 60! Sasa anauliza kuhusu Bandari Maritime Academy, chuo cha ubaharia kule Mombasa. Ubaya ni laifujaketi, ya mdogo wake ilimpwaya vibaya sana, hapo sikupenda kabisa. Na chai ilichelewa. Waongeze muda wa boti, hotuba wapunguze.